Makaa ya mawe: unanunua joto, hununui tani

"Tani moja bei gani?" Hilo ndilo swali la kwanza la karibu kila mwenye kiwanda anayetaka kuacha kuni au mafuta mazito ahamie makaa ya mawe. Ni haki yake kuuliza, pesa ni zake. Lakini mimi niliyekaa miaka kwenye chumba cha boila, kisha nikahamishiwa getini kupokea mzigo, humwambia aanze na jingine: ndani ya hiyo tani mna joto kiasi gani, na je, tanuri lako lina uwezo wa kulitoa? Malori mawili yanaweza kutoka mkoa mmoja, yakapita mzani ule ule, yakasoma tani 30 kila moja. Moja likakupa mvuke bila kelele, lingine likakuachia lundo la majivu na opereta aliyenuna.

Makaa ya kwetu kusini mwa Tanzania, kuanzia Ngaka kule Mbinga, Mchuchuma kule Ludewa, hadi Kiwira mpakani mwa Songwe na Mbeya, ni mimea iliyozikwa zaidi ya miaka milioni 250 iliyopita, ikagandamizwa na kupikwa na joto la ardhini. Ilipopikwa sana, ilipoteza maji na gesi ikabaki na kaboni nyingi. Ilipozikwa pamoja na matope ya mto, matope hayo ndiyo majivu unayoyazoa leo. Ndiyo maana hata mgodi mmoja hautoi mzigo wa aina moja: tabaka la juu lina tabia zake na la chini lina zake. Na ndiyo maana Serikali ilipozuia makaa ya mawe kutoka nje mwaka 2016, mwenye tanuri lililopangwa kwa mzigo wa Afrika Kusini asingeweza kumimina wa Ruvuma kwenye hopa, lile pipa la kulishia tanuri, na kuendelea kama jana.

Dai cheti cha maabara kabla ya kulipa. Humo utakuta namba nne zinazojumlishwa kuwa 100: unyevu, majivu, gesi zinazotoka makaa yakipashwa moto, na kaboni inayobaki. Jumlisha mwenyewe. Zisipofika 100, au zikizidi, mrudishie karatasi yake. Pembeni kutakuwa na thamani ya joto kwa kilokalori kwa kilo, salfa, na ukibahatika, joto la kuyeyuka kwa majivu.

Sasa tuje kwenye mtego ambao madalali wanaupenda. Ile thamani ya joto iliyoandikwa kwa herufi nene ni ya makaa gani? Maabara huyaacha makaa yakauke kwenye hewa ya chumba ndipo yapime. Hesabu hiyo huandikwa herufi ADB. Mzigo unaoshushwa kwako haujakaa chumbani, umenyeshewa Makambako na Mafinga. Hesabu yake ni ile yenye herufi AR, yaani mzigo kama ulivyofika. Tuseme cheti kinasema kilokalori 6,200 kwa ADB, na unyevu wa makaa yaliyokauka ni asilimia 3. Unyevu wote wa mzigo ulipofika ni asilimia 12. Chukua 100 utoe 12, unapata 88. Chukua 100 utoe 3, unapata 97. Zidisha 6,200 kwa 88, gawa kwa 97: unapata kama 5,625. Hizo ndizo unazonunua. Muuzaji mwingine analeta makaa yenye 5,700 kwenye cheti, unaona hayafai, lakini yamefunikwa turubai tangu mgodini na unyevu wake wote ni asilimia 7, wa maabara 4. Piga hesabu ile ile: 5,522. Pengo lililokuwa 500 limebaki kama 100. Kama wa kwanza anataka shilingi 250,000 kwa tani hadi getini na wa pili 240,000, gawanya bei kwa joto halisi uone. Wa kwanza anakuuzia kila kilokalori milioni moja kwa kama shilingi 44,400, wa pili kwa kama 43,500. Anayeonekana dhaifu kwenye cheti ndiye nafuu. (Bei hizo ni za mfano tu, msinipigie simu.)

Kuna mtego mdogo zaidi wa aina hiyo hiyo. Thamani ya joto inaweza kuwa ya jumla au halisi. Ya jumla inahesabu hata joto linalorudi pale mvuke wa ndani ya moshi unapoganda kuwa maji. Boila yako hairudishi joto hilo, linapaa na chimni. Kwa makaa ya aina yetu tofauti ni kilokalori 200 hadi 300 hivi kwa kilo. Si mwisho wa dunia, mradi usilinganishe ya jumla ya huyu na halisi ya yule.

Unyevu wenyewe unakula mara mbili. Kwanza unalipia maji na nauli yake. Kwenye lori letu la tani 30 lenye unyevu wa asilimia 12, tani 3.6 ni maji. Ongeza majivu, ambayo kwa cheti chenye asilimia 17 yatakuwa kama tani 4.6, uone kwamba tani 8 na ushee za mzigo huo hazitawaka kamwe, na umezisafirisha zaidi ya kilomita 1,000 kama kiwanda chako kiko Dar es Salaam. Pili, maji hayo lazima yachemke yawe mvuke ndipo makaa yawake, na kila kilo ya maji inadai kilokalori 600 na zaidi kidogo. Kwa lori hilo, ni kama kilo 400 za makaa zinazoungua kwa kazi ya kukausha wenzao. Ndani ya tanuri utaliona jambo hili kwa macho: moto unachelewa kushika, unasogea nyuma kwenye wavu, yaani chuma chenye matundu ambacho makaa hulala juu yake, na presha inalegea hasa asubuhi baada ya mvua.

Nikiambiwa nichague kipimo kimoja tu cha kumwelewesha opereta mpya, naacha joto nachukua zile gesi. Joto linakwambia utapata nini. Gesi zinakwambia moto utawakaje. Mtu yeyote aliyepikia kuni na kupikia mkaa anajua somo hili tayari. Ukuni una gesi nyingi, unashika haraka, una ulimi mrefu wa moto, na usipopata hewa unatoa moshi wa kukutoa machozi. Mkaa umeshapikwa kwenye tanuri la porini, gesi zimeondoka, kwa hiyo unashika kwa taabu lakini ukishashika unawaka kimya, mfupi na mkali. Makaa ya mawe yako yote mahali fulani katikati ya hao wawili. Yenye gesi asilimia 30 na zaidi yanafanana na kuni. Yale magumu yanayong'aa, yenye gesi chini ya asilimia 10, yana tabia ya mkaa hasa, na kwenye boila ndogo yatakusumbua kuwasha.

Ndani ya tanuri mambo yanakwenda kwa zamu. Kipande kinakauka. Kikifika nyuzi 350 hadi 400 hivi kinaanza kuachia gesi, na gesi ndizo zinazowaka kwanza, juu ya kitanda cha moto, yaani tabaka la makaa yanayowaka. Mwisho inabaki kaboni, inawaka polepole ikiwa imelala kwenye wavu. Kwa hiyo unahitaji hewa mahali pawili: ya chini inayopenya kwenye wavu kwa ajili ya kaboni, na ya juu inayopigwa kwa kasi juu ya moto kwa ajili ya gesi. Mafundi wengi niliowakuta wanaijua ya chini tu. Moshi ukiwa mweusi wanaongeza feni ya chini, chenga zinaruka, majivu yanaruka, moshi unabaki mweusi vile vile. Fungua hewa ya juu! Gesi zinatoka kwa wingi mbele ya wavu na hazipati pumzi, ndiyo maana zinageuka masizi. Ukibadilisha mzigo kutoka asilimia 22 za gesi kwenda 30, jambo la kwanza ni kuongeza hewa ya juu na kupunguza ya chini, kabla hujagusa kitu kingine.

Hasara ya kukosa hewa si masizi tu. Kaboni ikiungua vizuri inatoa hewa ukaa na joto lake lote. Ikiungua nusunusu inatoa monoksidi ya kaboni, na hapo unapata chini ya theluthi moja ya joto lililokuwemo. Huioni, hainuki. Kinyume chake nacho ni hasara: chimni isiyotoa hata ukungu wa moshi humfurahisha bosi, lakini mara nyingi maana yake feni zimefunguliwa mno na unapasha moto hewa ya mtaa mzima. Kilo moja ya makaa inahitaji kama kilo 8 hadi 10 za hewa kinadharia. Kwenye wavu unaotembea ongeza asilimia 30 hadi 50 juu ya hapo, si mara mbili. Kama huna kipimo cha oksijeni cha moshi, hicho ndicho kifaa cha kwanza cha kununua. Bila hicho opereta anaendesha kwa kuchungulia, na jicho la saa nane usiku si jicho la saa nne asubuhi.

Kwa kuwa nimeitaja monoksidi ya kaboni, niseme na walio nyumbani. Siku hizi kuna mkaa wa kupikia uliotengenezwa kwa makaa ya mawe, kama ule wa STAMICO, shirika la madini la taifa, unaotokana na makaa ya Kiwira, ambao umetengenezwa kwa ajili ya jiko. Vipande ghafi vilivyookotwa kandokando ya barabara ya malori ni kitu kingine kabisa: vina gesi zake zote na salfa yake yote. Usivipikie ndani. Na jiko lolote la mkaa, wa miti au wa mawe, lisiingizwe chumbani kwenye kulala, hata Njombe wakati wa baridi.

Turudi kiwandani, kwenye majivu. Watu wanaangalia asilimia ya majivu, ni sawa, lakini tabia ya majivu inaumiza kuliko wingi wake. Majivu ni udongo, na udongo ukipata joto la kutosha unalainika, kisha unatiririka kama kioo. Kitanda cha moto kikishika vizuri kinaweza kupita nyuzi 1,300. Majivu yanayoanza kulainika chini ya nyuzi 1,200 yatashikana kuwa mabonge magumu, yatafunika wavu, yataziba hewa, na palipozibwa hewa patatoka makaa mabichi upande wa pili. Chuma kikiwa kingi kwenye majivu hali huwa mbaya zaidi, hasa mahali oksijeni ilipokwisha ndani ya kitanda. Cheti kizuri kitakupa namba mbili, ya mahali penye hewa ya kutosha na ya mahali pasipo nayo. Amini ndogo.

Na hapa ndipo ninapogombana na mafundi wa zamani, kwa heshima zote. Wakiona mabonge wanachukua chuma kirefu na kuanza kukoroga moto. Kukoroga kunayainua majivu yaliyokwisha kupoa chini na kuyatia katikati ya joto kali, mahali hasa pa kuyeyukia. Unatengeneza mabonge mengine. Bora upunguze unene wa kitanda, upunguze kasi ya moto, uangalie kama hewa ya chini inapita sawasawa pande zote mbili za wavu. Bonge lililokwisha kushika litoe lilivyo, usilivunjevunje humo ndani.

Wengine wakisikia hayo wanakimbilia makaa yenye majivu kidogo kabisa. Kwa wavu unaotembea, ambao ni mnyororo wa pingili za chuma, si busara. Tabaka la majivu ndilo linalozikinga pingili hizo zisikutane na moto uchi. Yakishuka chini ya asilimia 6 au 7, pingili zinaanza kuungua upande wa nyuma, na pingili ni ghali kuliko majivu. Viwanda vya saruji havina shida hii kwa sababu wao wanasaga makaa yawe unga na kuyapuliza, na majivu yao yanaingia ndani ya klinka yenyewe, yale mawe yanayosagwa kuwa saruji. Wanachohitaji ni majivu yasiyobadilikabadilika, ili wakemia wao wajue chokaa na udongo viende kiasi gani. Kwa hiyo usiseme "haya makaa ni mazuri, jirani yetu wa saruji anayatumia." Jirani wa saruji ana mdomo mwingine.

Yaangalie majivu yanayotoka nyuma. Yakiwa ya kijivu au ya hudhurungi na mepesi, umekula chakula chako chote. Yakiwa meusi na ukikivunja kipande ndani mna makaa, pesa inakwenda jalalani. Sababu zake karibu daima ni kitanda kinene mno, wavu unaokimbia mno, au vipande vikubwa ambavyo moto haukuwahi kufika moyoni.

Ukubwa wa vipande ndio unaodharauliwa kuliko vyote, labda kwa kuwa hauhitaji maabara. Wavu wa kawaida unapenda vipande kati ya milimita 6 na 25 hivi. Kikubwa kuliko hapo kipondwe. Chenga na vumbi zikizidi, zinapita kwenye matundu na kuanguka chini, au zinapeperushwa na feni hadi kwenye mabomba kabla hazijawaka, au zinalala pamoja na kuziba hewa huku pembeni hewa ikitoboa mashimo. Nunua chekeche mbili na mzani mdogo, pima kila lori. Na jambo hili litakushangaza baada ya maneno yote niliyosema juu ya maji: mzigo mkavu wenye chenga nyingi unafaidika ukinyunyiziwa maji kidogo kabla ya kuingia kwenye hopa. Chenga zinashikamana, haziruki, na maji yakigeuka mvuke yanaacha upenyo wa hewa. Kanuni ya mafundi ni asilimia 1 ya maji kwa kila asilimia 10 za chenga. Nyunyiza na uchanganye mapema, maji yapate muda wa kuingia. Kumwaga ndoo juu ya hopa hakusaidii.

Kuna makaa yanayovimba na kunata yakipata moto, yale yanayopendwa na wanaoyeyusha chuma kwa sababu yanatoa koki, vile vipande vigumu vya kaboni. Kwenye wavu wako yatafanya blanketi. Jaribu mwenyewe nje, palipo na hewa: saga kidogo, tia kwenye kopo lenye mfuniko uliotobolewa tundu dogo, weka kwenye moto mkali mpaka moshi wa tunduni uishe, acha lipoe. Likitoka unga kama lilivyoingia, shwari. Likitoka kitumbua kigumu kilichovimba, tafuta mzigo mwingine, au uuchanganye na usionata.

Salfa sitaizungumzia sana. Ikiwa chini ya asilimia 1 angalia tu moshi usipoe mno kabla ya kutoka. Ukishuka kwenye nyuzi 120 au 130, asidi inaanza kugandia kwenye bati la chimni na kwenye mabomba ya kupashia maji ya boila, na kutu yake haina subira. Ikizidi asilimia 1.5, tafuta muuzaji mwingine. Majirani nao wana mapafu.

Kipimo chochote ni upuuzi kama sampuli ni ya uongo. Juu ya lori makaa yamekaushwa na upepo, vipande vikubwa vimebingirika pembeni, vumbi limezama chini. Anayechota kopo moja pale juu anapima upepo. Chota kidogo kidogo wakati wa kushusha, mwanzo, katikati na mwisho. Rundika, changanya kwa beleshi, tengeneza kichuguu, kigawe robo nne, tupa robo mbili zinazoelekeana, rudia mpaka zibaki kilo chache. Zifunge kwenye mfuko wa plastiki usiopitisha hewa pale pale. Mfuko ukiachwa wazi hadi jioni, unyevu umekwenda na ushahidi wako umekwenda nao. Gawa mara mbili, nusu maabara, nusu kabatini ikiwa na saini ya dereva, maana muuzaji atakataa.

Mzigo ukishapokelewa bado unaendelea kuungua, ila huoni. Makaa yanavuta oksijeni polepole na kutoa joto, na yale yenye gesi nyingi, chenga nyingi, yaliyonyeshewa kisha yakapigwa jua, ndiyo wepesi wa kujiwasha. Usirundike mlima. Shindilia kila tabaka ili hewa isipenye, na mteremko wa lundo usiwe mkali kwa sababu vipande vikubwa vikibingirika chini vinafanya bomba la kuvutia hewa. Tumia wa zamani kwanza. Chomeka vyuma virefu ndani ya lundo, vichomoe kila asubuhi uvishike. Usipoweza kukiacha kiganja kwenye chuma, au ukisikia harufu inayofanana na mafuta ya taa, usikimbilie mpira wa maji. Maji yakikutana na kaboni iliyo nyekundu ndani ya lundo yanatoa gesi zinazowaka, mojawapo ni ile monoksidi. Chimba kwa mashine upande ambao upepo unakotoka, litandaze lile eneo la moto liwe jembamba, lipoe kwanza, kisha ndipo unyunyize. Yaliyopoa yapeleke kwenye hopa siku hiyo hiyo, usiyarudishe kwenye lundo.